Ngazi za Sauti na Mwendo wa Mahadhi katika Ngoma na Nyimbo za Wagogo

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kukusanya nyimbo kwa kalamu. Maneno huandikwa, hupangwa katika mistari, hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha huchambuliwa kama shairi. Mahadhi hutajwa katika sentensi moja au mbili za utangulizi: kwamba wimbo huu huimbwa kwa furaha, ule kwa huzuni, na kwamba ngoma husindikiza. Baada ya hapo hayatajwi tena. Ruth Finnegan alikwisha kusisitiza, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Kiafrika, kwamba utanzu wa aina hii hauwezi kutenganishwa na utendaji wake. Katika nchi zetu kauli hiyo imenukuliwa sana, lakini haikubadili sana namna nyimbo zinavyoandikwa.

Makala haya yanachunguza jambo moja ambalo utaratibu huo unaliacha nje, nalo ni uhusiano uliopo kati ya ngazi ya sauti, mwendo wa mahadhi na mapigo ya ngoma katika uimbaji wa Wagogo wa mkoa wa Dodoma, Tanzania ya kati. Wagogo wamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo wao wa sauti unatofautiana waziwazi na ule unaofundishwa shuleni na makanisani, kiasi kwamba makosa ya kuunukuu huonekana haraka. Pili, ni miongoni mwa jamii chache za Afrika Mashariki ambazo mfumo wao umeelezwa kwa vipimo na wataalamu wa muziki, na kwa hiyo mjadala unaweza kujengwa juu ya hesabu badala ya kujengwa juu ya sifa. Hoja inayotetewa ni kwamba ngazi ya sauti ni sehemu ya umbo la wimbo, na mhakiki asiyeijua hulazimika kukisia mahali mstari unapoanza na unapokwisha.

2.0 Suala la Istilahi

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuhusu mahadhi, ila hayajagawana kazi vizuri. Neno lahani, lenye asili ya Kiarabu, hutumika pwani kwa maana ya tuni ya wimbo. Mahadhi hutumika kwa maana hiyohiyo, na pia kwa maana ya namna ya kuimba. Sauti ni neno lenye mzigo mkubwa zaidi: ni sauti ya mtu, ni sauti ya lugha katika fonolojia, ni kimo kimoja cha muziki, na ni njia nzima ya wimbo mmoja, kama mtu asemapo kwamba shairi hili lina sauti mbili. Katika makala haya mahadhi ni mfululizo wa vimo unaosikika kama wimbo. Kimo ni sauti moja ya muziki ikipimwa kwa wingi wa mitetemo yake. Na ngazi ya sauti ni jumla ya vimo ambavyo jamii huvitumia, vikipangwa kutoka chini kwenda juu.

Umbali kati ya vimo viwili utapimwa kwa senti. Kipimo hiki kilibuniwa na Alexander John Ellis, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1885 utafiti wake juu ya ngazi za sauti za mataifa mbalimbali. Oktava moja, yaani umbali kati ya kimo fulani na kile chenye mitetemo maradufu, ina senti 1200. Kinanda cha kawaida huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja senti 100. Ellis mwenyewe alifikia uamuzi kwamba hakuna ngazi moja ya sauti iliyo ya maumbile kwa wanadamu wote, na kwamba ngazi ni nyingi na zimetofautiana mno. Inashangaza kwamba, zaidi ya karne moja baadaye, vitabu vya mafunzo ya kwaya bado huzungumza kana kwamba hatua 12 za kinanda ndizo sauti zote alizopewa binadamu.

3.0 Ngazi ya Wagogo na Harmoniki

Kamba iliyokazwa ikitetemeka haitoi kimo kimoja tu. Hutoa sauti ya msingi, na juu yake hutoa sauti nyingine hafifu zenye mitetemo mara 2, mara 3, mara 4 ya ile ya msingi, na kuendelea. Sauti hizi za juu ndizo zinazoitwa harmoniki. Mpigaji wa upinde wa muziki huweza kuzichagua moja baada ya nyingine kwa kubadili nafasi ya kinywa chake au ya kibuyu kinachopokea mlio, hata msikilizaji akasikia wimbo mwembamba ukipita juu ya mvumo mmoja usiobadilika.

Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyefanya kazi Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ameieleza ngazi ya Wagogo kuwa inafuata harmoniki za sauti moja ya msingi, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Maelezo haya yanafaa kutazamwa kwa tarakimu. Tuseme sauti ya msingi ina mitetemo 100 kwa sekunde. Harmoniki ya 4 itakuwa na mitetemo 400, ya 5 itakuwa na 500, na kuendelea hadi ya 9 yenye 900. Kwa hesabu ya mitetemo, hatua zote ni sawa: kila moja ni 100. Lakini sikio halijumlishi; sikio hulinganisha kwa uwiano. Kutoka 400 kwenda 500 ni senti 386. Kutoka 500 kwenda 600 ni senti 316. Kutoka 600 kwenda 700 ni senti 267. Kutoka 700 kwenda 800 ni senti 231. Na kutoka 800 kwenda 900 ni senti 204.

Tarakimu hizi zina mafunzo kadhaa, na la kwanza ni hili: kadiri mahadhi yanavyopanda, ndivyo hatua zinavyofupika. Ngazi ya namna hii si kama ngazi ya nyumba ambayo kila kipago kimefuatana na kingine kwa umbali uleule. Wimbo unaoanza juu na kuteremka, kama zilivyo nyimbo nyingi za eneo hili, huanza kwa hatua fupifupi na kumalizia kwa hatua ndefu. Msikilizaji aliyezoea kinanda husikia mteremko huo kama wimbo unaojibana mwanzoni na kujinyoosha mwishoni. Sifa hiyo kwa kawaida hutafutiwa sababu katika maudhui ya wimbo au katika hali ya mwimbaji, ilhali imo ndani ya ngazi yenyewe.

La pili ni kwamba jina la jumla la ngazi ya sauti tano halitoshi. Harmoniki ya 8 ni oktava ya ile ya 4. Kwa hiyo mwimbaji anayetumia harmoniki ya 4 hadi ya 8 ana vimo vinne tofauti na marudio ya kile cha kwanza. Akiongeza ile ya 9 ndipo anapopata cha tano. Katika eneo la chini la sauti, basi, ngazi ni ya vimo vinne, na ile ya tano hujitokeza juu tu. Mtu akivikusanya vimo vyote ndani ya oktava moja, kama ilivyo desturi ya vitabu, atapata senti 0, 204, 386, 702 na 969, na ataandika kwamba Wagogo wana ngazi ya sauti tano. Hesabu yake si ya uongo. Lakini amekifanya kimo cha 9 kionekane kama jirani wa chini wa kile cha 5, mahali ambapo mfululizo wa harmoniki haukiweki.

La tatu linahusu harmoniki ya 7. Ukilinganisha na kinanda, ile ya 5 iko chini ya kimo kilicho karibu nayo kwa senti 14, tofauti ambayo masikio mengi huivumilia. Ile ya 6 inazidi kwa senti 2 tu. Ile ya 7 iko chini kwa senti 31, karibu theluthi moja ya hatua ya kinanda. Katika mfano wetu mwimbaji wa Kigogo analenga mitetemo 700. Kinanda kilichotegwa kwa sauti ileile ya chini ya 400 kitatoa takriban 713. Sauti hizo mbili zikisikika pamoja hutoa mtikisiko wa mara 13 hivi kwa sekunde. Hapo ndipo walimu wa kwaya husema kwamba waimbaji wameteleza.

Inapasa kuongezwa kwamba hakuna koo la binadamu lenye kushika kimo bila kuyumba, na mtu anaweza kuuliza kama senti 31 zina maana yoyote katika uimbaji wa watu 20. Swali ni la haki. Jibu lake halipatikani kwa kupima mwimbaji mmoja mmoja, bali kwa kusikiliza sauti zikiwa pamoja na kuangalia waimbaji wanatulia wapi. Sauti mbili zikiwa katika uwiano wa namba ndogo nzima, kama 4 kwa 6 au 5 kwa 7, mitikisiko hutoweka na mlio husimama kama ukuta. Waimbaji hulijua hilo kwa masikio bila kuambiwa namba. Kuyumba kwa sauti ni jambo moja, na kimo ambacho kuyumba huko kunakizunguka ni jambo jingine.

Ala nazo zinatoa ushahidi, ingawa si wote ulio sawa kwa uzito. Ilimba, yaani marimba ya vidole ya Wagogo yenye ndimi za chuma juu ya sanduku la mti, hutegwa kwa kusogeza ulimi mbele au nyuma: ulimi ukifupishwa sauti hupanda, ukirefushwa hushuka. Fundi basi ana uhuru kamili wa kuchagua kimo, na uchaguzi wake unaweza kupimwa. Aidha, ilimba kubwa huwa na ndimi ambazo hazipigwi kabisa. Hutetemeka zenyewe pale ulimi mwingine unaolingana nazo unapopigwa. Baadhi ya wanafunzi huliona jambo hili kuwa thibitisho la ngazi ya harmoniki. Sivyo. Ulimi huitika kwa mwenzake wenye kimo kilekile au kilicho karibu sana nacho, ngazi iwayo yoyote. Linalothibitishwa na ndimi hizo ni kwamba fundi wa Kigogo hutega kwa usahihi mkubwa, kwani ndimi zisizolingana zingenyamaza. Utando wa buibui unaofunika tundu la sanduku huongeza mvumo wa nyuki katika kila sauti, na mvumo huo, ambao wapokeaji wa kwanza wa kanda waliudhania kuwa hitilafu ya mtambo, ni sehemu ya mlio unaokusudiwa.

Hugh Tracey alizirekodi ala za Wagogo mwaka 1950 katika safari yake ya Tanganyika. Kwa dunia ya nje mfumo huu ulijulikana zaidi kupitia kwa Hukwe Zawose, mwimbaji na mpigaji wa ilimba na zeze aliyefanya kazi Bagamoyo na kufariki mwishoni mwa mwaka 2003. Zawose aliongeza idadi ya nyuzi za zeze na ndimi za ilimba kupita zile za ala za vijijini, lakini nyongeza hiyo ilipanua eneo la sauti bila kuleta vimo vya kinanda. Jambo hilo lastahili kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba ubunifu katika muziki wa asili hauna budi kuelekea kwenye gitaa.

4.0 Sauti Mbili kwa Pamoja

Wagogo huimba kwa sauti zaidi ya moja. Kuna kiongozi, kuna waitikiaji, na miongoni mwa waitikiaji kuna wanaoimba juu na wanaoimba chini kwa wakati mmoja, baadhi yao wakirukaruka kutoka sauti ya kifua kwenda sauti nyembamba ya kichwa. Swali ni jinsi waimbaji wasiotumia maandishi wanavyojua kimo gani kiambatane na kipi.

Kubik ameeleza kanuni anayoiona katika jamii nyingi za Kibantu, na ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa kanuni ya kuruka kimo kimoja. Mwimbaji wa pili hachukui kimo kilicho jirani na cha mwenzake. Hukiruka hicho na kuchukua kinachofuata. Kwa ngazi ya Wagogo matokeo yake ni haya. Kimo cha 4 huambatana na cha 6, na umbali wao ni senti 702. Cha 5 huambatana na cha 7, senti 583. Cha 6 huambatana na cha 8, senti 498. Cha 7 kikiambatana na cha 9, umbali ni senti 435.

Utaratibu ni mmoja, lakini milio minne inayopatikana haifanani hata kidogo. Mwalimu wa muziki wa Ulaya ataikubali ile ya kwanza na ya tatu, atashtuka kwa ile ya pili, na ya nne ataitilia shaka. Kwake umbali ulio karibu na senti 600 ni mlio wa wasiwasi unaodai kutatuliwa. Kwa Mgogo mlio wa 5 na 7 haudai chochote. Ni matokeo ya kawaida ya watu wawili kutembea sambamba juu ya ngazi isiyo na hatua sawa, na wimbo unaweza kukaa hapo kwa muda upendao. Ndiyo maana ni kosa kueleza sauti za namna hii kwa majina ya akodi za Ulaya. Majina hayo hubeba na hisia zake, na mhakiki akishaandika kwamba wimbo una mlio wa wasiwasi mahali fulani, hukawii kumwona akitafuta wasiwasi huo katika maneno.

5.0 Ngoma na Kimo

Imeenea dhana kwamba ngoma ni mapigo na wimbo ni mahadhi, na kwamba viwili hivyo hukutana tu. Muheme, ngoma ya Wagogo inayochezwa na wanawake na yenye asili katika mambo ya jando na unyago, inatosha kuonyesha upungufu wa dhana hiyo. Wapigaji hubana ngoma zao ndefu katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, na ngoma moja hutoa milio kadhaa kulingana na mahali mkono unapogonga na jinsi unavyobaki au kuinuka. Ngoma kubwa na ndogo zikiungana, sikio hukusanya milio ya juu ya wapigaji mbalimbali katika mstari mmoja na milio ya chini katika mstari mwingine. Mistari hiyo haikupigwa na mtu yeyote peke yake. Imezaliwa katika sikio la msikilizaji.

Hata hivyo, mistari hiyo ya ngoma haimo katika ngazi ya sauti ya wimbo, na sababu yake ni ya kimaumbile. Ngozi iliyowambwa kwenye duara haitetemeki kama kamba. Sauti zake za juu hazipo katika uwiano wa namba nzima: ya pili ni takriban mara 1.59 ya ile ya msingi, na ya tatu takriban mara 2.14. Kwa hiyo sikio husikia kwamba ngoma hii ni ya juu kuliko ile, lakini hupata shida kuiambia ni kimo kipi. Wapigaji huota ngoma kwenye moto au juani ili ngozi ikaze na sauti ipande, wakitafuta tofauti iliyo wazi kati ya ngoma na ngoma. Katika muheme ngoma hutoa umbo la kupanda na kushuka bila kutoa vimo. Waimbaji ndio wanaotoa vimo.

Kwamba haya ni mapenzi ya jamii na si udhaifu wa ngoma kunathibitishwa na Buganda. Katika jumba la Kabaka kulikuwa na entenga, seti ya ngoma 15. Kati ya hizo 12 zilitegwa kwa ngazi ya sauti na kupigwa na watu wanne, na tatu zilizobaki zilipigwa na watu wawili. Zile 12 ziliimba mahadhi yaleyale yaliyopigwa kwenye amadinda, marimba ya mbao 12. Mpigaji mmoja aliingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na mahadhi yakatokea kwa kufumana. Klaus Wachsmann, aliyeongoza Jumba la Makumbusho la Uganda, alipima ala za Kiganda na kukuta ngazi ya vimo vitano iliyokaribia mgawanyo sawa wa oktava, takriban senti 240 kwa kila hatua. Entenga za jumba hilo zilinyamaza baada ya Lubiri kushambuliwa na majeshi ya serikali mwezi Mei 1966.

Ulinganisho huu unavunja mambo mawili kwa pamoja. Waganda na Wagogo wote huandikwa vitabuni kuwa ni watu wa sauti tano, lakini hatua za Waganda zinakaribiana kulingana, ilhali za Wagogo zinatofautiana kutoka senti 204 hadi 386. Wimbo wa Kiganda ukihamishwa kupanda hatua moja hubaki na umbo lake. Wa Kigogo ukihamishwa hivyo hugeuka wimbo mwingine. Aidha, kwa kuwa Luganda ni lugha ya toni, watunzi hubanwa na toni za maneno wanapotunga mahadhi. Hapa ndipo utanzu ambao Mulokozi (1989) aliuita ngomezi, katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, unapohitaji kutazamwa upya. Ngoma inayosema kwa kuiga toni za lugha, ngoma inayopiga mahadhi kamili na ngoma inayotoa umbo tu la kupanda na kushuka ni mambo matatu tofauti. Hazifai kuwekwa katika fungu moja kwa sababu tu zote zimewambwa ngozi.

6.0 Mstari Unakwisha Wapi?

Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, mjadala wa mizani umeegemea kuhesabu silabi. Mkusanyaji wa nyimbo za bara anayekuja na kipimo hicho hukuta silabi 7 hapa, 12 pale, na huandika kwamba nyimbo hizo hazina mizani. Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya kuonyesha utaratibu tu, na maneno yake si ya wimbo wowote wa Kigogo.

Tuseme kiongozi anaimba: Wazee wameketi, na mara ya pili: Wageni wamewasili barazani. Kwenye karatasi ni silabi 7 na silabi 12. Sasa tuseme mzunguko wa ngoma una mapigo ya msingi 24 yaliyo sawa, na kwamba zamu ya kiongozi ni mapigo 16 ya mwanzo. Katika mstari wa kwanza kila silabi kati ya 6 za mwanzo huchukua mapigo 2, na silabi ya mwisho huchukua 4, jumla 16. Katika mstari wa pili silabi 8 za mwanzo huchukua pigo moja moja, na silabi 4 za neno la mwisho huchukua mapigo 2 kila moja; jumla 16. Mizani ipo, na ni kali kuliko ya shairi la karatasi, kwa kuwa anayeikosea huachwa na ngoma. Kinachohesabiwa tu ndicho kilichokuwa tofauti.

Waitikiaji nao hawasubiri kiongozi anyamaze. Tuseme huingia kwenye pigo la 15, wakati kiongozi bado ana silabi yake ya mwisho mdomoni. Kwa mapigo mawili, la 15 na la 16, sauti za kiongozi na za kiitikio husikika pamoja. Kiongozi ameteremka hadi kimo cha 4, na waitikiaji huanzia cha 6. Ndipo ule mlio uliosimama wa senti 702 unaposikika, na ndio unaomwambia mchezaji, hata asiyefahamu neno moja, kwamba mstari umefika. Katika maandishi ya kawaida mahali hapo huwekwa nafasi tupu kati ya mstari wa kiongozi na wa kiitikio. Mahali palipo na sauti nyingi kuliko pote katika wimbo huonekana kwenye ukurasa kuwa kimya.

Silabi zisizo na maana ya kileksika, ambazo kiitikio cha nyimbo nyingi hujengwa kwazo, hukutwa na balaa jingine. Mkusanyaji huziandika mara moja na kuongeza maelezo kwamba hurudiwa. Lakini silabi hizo ndizo zinazobeba vimo virefu na sauti mbilimbili, kwa sababu hazibanwi na maneno. Kuzikata ni kukata mahali ambapo ngazi ya sauti inajionyesha kikamilifu.

7.0 Kunukuu na Kufundisha

Wamisionari walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na baada yao mfumo wa kusoma nyimbo kwa silabi za do, re, mi, ulioenezwa Uingereza na John Curwen, ukawa ndiyo njia ya kawaida ya kufundishia kwaya nchini. Mfumo huo una ubora wake: ni rahisi kuchapa na hauhitaji ala. Ngazi ya Wagogo nayo inaonekana kuingia humo bila taabu. Harmoniki ya 4 huandikwa do, ya 5 mi, ya 6 so, ya 7 ta, ya 8 do ya juu, na ya 9 re. Tatizo halipo kwa mnukuzi wa kwanza, ambaye anajua alichokisikia. Lipo kwa msomaji wa pili, ambaye hukifungua kitabu, hukaa kwenye kinanda na kuitafuta ta. Kinanda humpa mitetemo 713 badala ya 700. Kwaya hujifunza hiyo, shule huipokea kutoka kwaya, na mtoto wa Kigogo anayeimba kama bibi yake huambiwa kuwa ameteleza. Hakuna aliyekusudia ubaya katika mlolongo huo.

Wengine hupendekeza alama maalumu za kushusha kimo katika maandishi ya mistari mitano. Zinafaa kwa mtaalamu, lakini zinaendelea kuuchukulia mfumo wa Kigogo kuwa ni ule wa kinanda uliopungukiwa. Njia nyepesi zaidi ni kuandika namba ya harmoniki yenyewe juu ya silabi, na chini yake idadi ya mapigo ya msingi. Mstari wa kwanza wa mfano uliotolewa hapo juu, ukiteremka kutoka kimo cha juu, ungeandikwa 9, 8, 8, 7, 6, 5, 4 juu ya silabi zake saba, na chini yake 2, 2, 2, 2, 2, 2, 4. Kiitikio kingeanza na 6 chini ya pigo la 15. Namba hizo hazihitaji kinanda, zinaonyesha zenyewe hatua zinavyorefuka kadiri wimbo unavyoshuka, na mwanafunzi anayejua kugawanya anaweza kupata umbali wa sauti yoyote kutoka kwa nyingine. Mtu akitaka kujua kama 7 imeimbwa sawasawa, hana haja ya kuuliza kinanda. Aombe mwingine aimbe 5 chini yake, kisha asikilize kama mtikisiko upo au umetoweka.

Njia hii haiwezi kuchukuliwa nzima kwenda kwingine. Kwa Waganda namba za harmoniki hazina maana, kwa kuwa ngazi yao haitokani nazo. Huko mnukuzi atahitaji namba 1 hadi 5 za hatua zilizo karibu kulingana, kama ambavyo mahadhi ya amadinda yamekwisha kuandikwa. Kwa nyimbo za pwani zinazofuata maqamu ya Kiarabu atahitaji nyingine tena. Mkusanyaji basi hawezi kuichagua njia ya kunukuu akiwa ofisini kabla ya safari. Huko aendako atamwomba fundi ategue ilimba au zeze ulimi kwa ulimi na uzi kwa uzi huku kinasa sauti kikiwa wazi, na atauliza kwa nini ulimi huu umesogezwa tena baada ya kuonekana umekaa vizuri. Atawarekodi kiongozi na waitikiaji pamoja, si kwa zamu, maana wakitenganishwa yale mapigo mawili ya 15 na 16 hayatakuwapo kwenye kanda.

Kanda zilizokwisha kuhifadhiwa nazo zinadai kazi hiyohiyo. Zile za Tracey za mwaka 1950, ambazo mkusanyo wake sasa umo katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika ya Kusini mwaka 1954, zilirekodiwa kabla ya redio na kinanda cha umeme kuenea vijijini. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza leo kupima vimo vyake katika siku chache na kuvilinganisha na vya waimbaji wa Dodoma wa wakati huu. Kama harmoniki ya 7 imepanda kuelekea kwenye ta ya kinanda katika miaka hiyo, itaonekana. Na kama imebaki pale ilipokuwa, pamoja na kwaya zote zilizopita juu yake, hilo nalo litaonekana.